Debian, AlmaLinux, Ubuntu au Alpine: ipi ya kuwekea seva kuukuu ya kazi moja

Wakala wa forodha akihama ofisi Moi Avenue hapa Mombasa, au hoteli ya Nyali ikibadilisha mitambo yake, hubaki vitu viwili vitatu ambavyo hakuna anayevigombania: masanduku bapa ya chuma, mbele yana milango sita au minane ya mtandao, nyuma hayana hata pa kuchomeka skrini. Yalinunuliwa kwa kazi moja tu. Hili lilichuja barua pepe, lile lilikuwa fayawoli (mlinzi wa mtandao), jingine lilitunza nakala za mafaili. Leseni ikaisha, masasisho yakakoma, na sasa yanauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Ukilifungua, ndani unakuta kompyuta ya kawaida kabisa: prosesa ya Intel, RAM, diski ya SATA. Mara nyingi hata mfumo endeshi uliomo ni Linux, ila mtengenezaji kauficha nyuma ya kurasa zake.

Kulifuta na kuliwekea Linux yako ni kazi ya alasiri moja. Kinachowasumbua watu ni kuchagua. Humu nalinganisha distro nne (yaani Linux iliyofungashwa tayari kwa kusakinishwa) ninazoziona zikitumika zaidi, na msimamo wangu nausema mapema: usianze na distro unayoipenda, anza na prosesa na mlango wa konsoli. Hivyo viwili vikishajulikana, mara nyingi hubaki chaguo moja au mawili tu, na ubishi unaisha wenyewe.

Prosesa kwanza

Neno la 64-biti pekee halitoshi tena. Prosesa za x86, yaani jamii ya Intel na AMD, siku hizi hupangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni 64-biti yoyote ile. Ya pili, x86-64-v2, inataka maagizo kama SSE4.2 na POPCNT, ambayo kwa Intel yalikuja na kizazi cha Nehalem mwaka 2008. Ya tatu, v3, inataka maagizo ya AVX2, yaliyoletwa na kizazi cha Haswell mwaka 2013. Wengi husoma tu mwaka wa mashine na kukisia, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu masanduku haya hayakujengwa kwa prosesa za bei kubwa. Atom D525 ya mwaka 2010, ambayo imo ndani ya fayawoli nyingi ndogo, ni 64-biti lakini haina SSE4.2. Core 2 Duo vilevile haina. Na Pentium na Celeron za miaka mingi baada ya Haswell zilitoka kiwandani bila AVX2.

Washa sanduku kwa flashi ya Linux yoyote nyepesi, kisha andika `grep -m1 flags /proc/cpuinfo`. Itatoka mistari mirefu ya vifupisho. Tafuta `sse4_2` na `popcnt`. Vipo, uko ngazi ya pili. Tafuta `avx2`, haipo, sahau mifumo inayodai ngazi ya tatu. Ukiona hakuna `lm`, basi hiyo ni 32-biti, na chaguo lako limebaki dogo sana.

Ukikuta Atom ya jamii ya C2000, kuna jambo la kujua kabla hujatoa pesa. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba toleo la awali la prosesa hizo lina hitilafu iitwayo AVR54: saketi ya saa ndani yake huchakaa, na siku moja sanduku linazimwa na haliwaki tena. Ni prosesa nzuri, ya ngazi ya pili, inakula stima kidogo. Lakini kama utaweka humo vitabu vya hesabu vya duka la Biashara Street, nakala ya pili iwe mahali pengine.

Mlango wa konsoli

Sanduku lisilo na skrini huzungumza kupitia konsoli, kile kitundu kinachofanana na cha kebo ya mtandao lakini kimeandikwa CONSOLE. Utahitaji kebo bapa ya buluu kama ile ya ruta za Cisco, upande wa pili USB, na laptopu. Kwenye laptopu yenye Linux andika `screen /dev/ttyUSB0 115200`; namba ya mwisho ni kasi, ukiona herufi za ajabu ajabu jaribu 9600. Ukiona maandishi yanayosomeka, umeshaingia.

Hapa distro zinatofautiana kuliko matangazo yanavyosema. Kisakinishi cha Debian ni cha maandishi tangu zamani: unaongeza `console=ttyS0,115200n8` kwenye mstari wa kuwashia, na kazi yote inapita kwenye ile kebo bila kupungukiwa na kitu. Kikimaliza, mfumo mpya wenyewe unaendelea kusema kwenye konsoli bila wewe kuugusa. Ubuntu Server nayo inajitahidi, na ina jambo zuri moja: ikiona uko kwenye konsoli inakupa njia ya kuendelea kwa SSH (kuiendesha mashine kwa mbali kupitia mtandao) kutoka laptopu yako, menyu zikaonekana vizuri. AlmaLinux inakubali `inst.text`, lakini katika hali hiyo ya maandishi huwezi kugawa diski utakavyo. Unachukua mgao unaopewa, au unaandika mapema faili la kickstart, lenye majibu yote ya kisakinishi. Kwa mtu anayefanya kazi hii mara moja, ni usumbufu. Alpine haina hata cha kuita kisakinishi. Unaingia kama root, mtumiaji mkuu, unaandika `setup-alpine`, unajibu maswali.

Wapo wanaotoa diski, kuichomeka kwenye kompyuta yenye skrini, kusakinisha humo kisha kuirudisha. Inafanya kazi. Ila ujue kwamba majina ya milango ya mtandao, kama `enp3s0`, hutokana na mahali kadi ilipochomekwa. Diski ikirudi kwenye sanduku lake majina yanabadilika, mipangilio uliyoandika inabaki inaelekeza kwenye mlango usiokuwepo, na unabaki na seva inayowaka lakini haina mtandao wala skrini. Ukitumia njia hii, washa `serial-getty@ttyS0`, huduma ya kuingia kupitia konsoli, kabla hujairudisha.

Debian

Ningelazimishwa kuchagua bila kuliona sanduku, ningesema Debian. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, bado inakubali prosesa yoyote ya 64-biti, hata ile D525. Bila eneokazi la madirisha inatulia kwenye RAM ya GB 1 na kubaki na nafasi. Kila toleo lina miaka mitatu ya huduma kamili na miwili zaidi ya masasisho ya usalama, na kuhama toleo moja kwenda jingine bila kufuta diski ni jambo la kawaida.

Zamani ilikuwa na aibu moja. Kadi za mtandao za Broadcom, zile zilizomo ndani ya seva za Dell R610 na R710 na kila sanduku lililojengwa juu ya hizo, zinahitaji firmware (programu ndogo ya kuendesha kadi yenyewe) isiyo huru, na Debian haikuiweka kwenye faili lake rasmi la kusakinishia. Ulifika katikati, mtandao hauonekani, unaanza kutafuta flashi ya pili. Mwaka 2022 wanachama wa Debian wakapiga kura kubadilisha hilo, na tangu Debian 12 firmware imo humo humo. Ukisoma maelekezo ya zamani yanayokutisha kuhusu `bnx2`, jina la firmware hiyo, yapite.

Mawili ya kuangalia katika toleo la 13. La kwanza, 32-biti imefikia mwisho: hakuna tena kerneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha i386, yaani 32-biti, na Debian 12 ndiyo ya mwisho kuwa navyo. La pili linawagusa wenye RAM ndogo. Folda ya `/tmp` sasa inakaa ndani ya RAM, na inaweza kuchukua hadi nusu yake. Kwenye sanduku la GB 2, programu inayotupa mafaili makubwa humo itakufanya ujiulize kumbukumbu imeenda wapi. `systemctl mask tmp.mount`, washa upya, imerudi kwenye diski.

Maalim mmoja wa madrasa ya Majengo alikuwa na sanduku la namna hii hii, D525 na GB 2. Alitaka wanafunzi wasome vitabu na kusikiliza rekodi za darsa kwenye simu zao, humo humo darasani, bila bando.

“Fundi, niwekee Ubuntu,” akasema. “Kijana wangu anaijua, chuoni wanafundishwa hiyo.”

“Maalim, kijana ataijua na hii. Ni `apt` ile ile, ni `systemctl` ile ile.”

“Mbona basi usiweke hiyo aliyoizoea?”

“Kwa sababu ya RAM, Maalim. Kisakinishi cha Ubuntu peke yake kinataka GB moja na nusu ndiyo kianze. Hii utabaki na nafasi ya kazi.”

Ikaingia Debian, `nginx` (seva ya kurasa za wavuti) kwa rekodi, `kiwix-tools` kwa Wikipedia ya Kiswahili isiyohitaji intaneti, programu zote mbili kutoka ghala la Debian lenyewe. Kijana alikaa nayo jioni moja, na wala hakuuliza ni distro gani.

Ubuntu Server

Basi na hiyo Ubuntu iko wapi kwenye mizani? Ni nzuri, na kwa sanduku lenye RAM ya GB 4 na kuendelea sina la kuilaumu. 24.04 inahudumiwa hadi 2029, na ukijiandikisha Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine tano, unaongezewa miaka ifike kumi. Msaada wa kusoma upo mwingi kuliko kwingine kote. Inakubali prosesa ya ngazi ya kwanza kama Debian. Sababu ya kuichagua ni watu: kama atakayeitunza anaijua na hataki kujifunza kingine, mpe. Faili lake la kusakinishia lina ukubwa wa zaidi ya GB 2, na la Debian la kupakua kidogo kidogo halifiki hata GB 1. Anayepakua kwa bando la simu ataona tofauti hiyo kabla ya tofauti nyingine yoyote.

AlmaLinux

Hii ni ya wale waliolelewa na CentOS, Linux ya bure iliyojengwa kutokana na ile ya kampuni ya Red Hat. CentOS 7 ilikoma Juni 2024, na masanduku mengi ya kibiashara yalijengwa juu ya jamii hiyo ya Red Hat, kwa hiyo mtu huona ni kama kurudi nyumbani. Faida yake ni umri: AlmaLinux 9 ina masasisho ya usalama hadi 2032. Kwa ofisi inayotaka kuweka kitu na kukisahau, pia kama unaendesha programu ambayo mwenyewe anasema “Red Hat au hakuna”, hii ndiyo yako.

Lakini ndiyo inayokataa masanduku mengi zaidi. Toleo la 9 linadai ngazi ya pili. Ukiliweka kwenye D525 halikuambii kwa upole: linaanza kuwaka, linatoa mstari mmoja wa `Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2`, kerneli inazimia. Red Hat 10, iliyotoka 2025, inadai ngazi ya tatu kabisa, na Rocky Linux 10, distro nyingine ya jamii hiyo, ikafuata mkondo huo. AlmaLinux walichukua njia yao: toleo la 10 lina pia faili la pembeni lililojengwa kwa ngazi ya pili. Ni hisani kubwa kwa wenye vyuma vikuukuu. Ila programu za watu wengine zilizojengwa kwa ajili ya Red Hat 10 zinategemea ngazi ya tatu, kwa hiyo unaweza kuwa na mfumo unaowaka vizuri na programu uliyoifuata isiwake. Kwenye sanduku la ngazi ya pili mimi ningebaki na 9.

Jingine ni kadi za RAID, zile zinazounganisha diski kadhaa. Red Hat ina tabia ya kuondoa viendeshi (programu za kuifanya kerneli itambue kifaa) vya kadi za zamani, kisakinishi kinafika kwenye kuchagua diski, orodha iko tupu. Mwaka 2024, katika 9.4, AlmaLinux walirudisha msaada wa kundi kubwa la kadi hizo, zikiwemo zinazotumia `megaraid_sas`, `mptsas` na `aacraid`. Kwa hiyo kati ya AlmaLinux na Rocky kwa mashine kuukuu, sioni sababu ya kuchukua Rocky. Na kama kadi yako ni PERC 6 ya Dell, distro yoyote utakayoweka haitakusaidia kuona diski ya zaidi ya TB 2; hicho ni kikomo cha kadi yenyewe.

Alpine

Watu huiona ndogo wakaidharau. Faili lake ni la mamia ya megabaiti tu, RAM ya MB 256 inaitosha, na bado inatoa toleo la 32-biti, jambo ambalo wengine watatu hawana katika matoleo yao mapya. Lakini sifa yake kubwa kwa Mombasa ni ile namna ya kukaa bila diski. Mfumo wote hupakiwa kwenye RAM kutoka flashi au kadi ya CompactFlash, kisha kadi haiandikwi tena mpaka wewe mwenyewe useme `lbu commit`. Stima ikikatika saa nane usiku, Kongowea nzima giza, hakuna faili lililokuwa nusu ya kuandikwa. Ikirudi, sanduku linaamka jinsi ulivyoliacha mara ya mwisho ulipohifadhi. Masanduku mengi ya fayawoli huwa na CompactFlash badala ya diski, na kadi hizo hazipendi kuandikwa kila dakika. Kwa DNS ya ofisi (kutafuta anwani za majina ya tovuti), DHCP (kugawa anwani za mtandao), VPN ya WireGuard au fayawoli ya `nftables`, sijaona kinachoishinda.

Bei yake ni hii: Alpine haitumii glibc, maktaba ya msingi ambayo programu nyingi za Linux huitegemea; inatumia nyingine iitwayo musl. Programu iliyokuja imejengwa tayari na mwenye kampuni, iwe ya uhasibu au ya kamera za ulinzi, huenda isiwake kabisa. Haina `systemd`, msimamizi wa huduma katika zile nyingine tatu, kwa hiyo maelekezo mengi unayosoma hayatafanana na unachokiona. Kila toleo hudumu karibu miaka miwili tu, basi si ya mtu anayeweka na kusahau. Nisingemwachia mtu mpya peke yake.

Yanayokukuta distro ikishaingia

Haya hayajali umechagua ipi.

Milango ya mbele imeandikwa 1 hadi 6, lakini Linux haiipangi lazima kwa mfuatano huo. Usikisie. Andika `ethtool -p eth0 10` (mahali pa `eth0` weka jina la mlango wako) na uangalie usoni mwa sanduku: taa ya mlango mmoja itapepesa kwa sekunde kumi. Bandika kijikaratasi. Fanya hivyo kwa kila mlango, ndipo uandike kanuni za fayawoli.

Masanduku ya ulinzi mara nyingi yana jozi za milango zenye swichi ya kupitisha. Yaliundwa ili stima ikikatika milango miwili iungane yenyewe, ofisi isikose intaneti. Mfumo wa zamani ndio uliokuwa ukiamuru swichi hiyo ifunguke. Mfumo wako mpya haujui habari zake, hivyo jozi inaweza kubaki imeungana, trafiki ikapita pembeni bila kuiona fayawoli yako. Jaribu kwa mkono: chomeka laptopu mbili kwenye jozi, zima usafirishaji wote kwenye Linux, zikiendelea kuonana basi jozi hiyo imefungwa kwa pamoja. Tumia milango mingine, au ingia kwenye BIOS, mipangilio ya ubao inayofunguliwa kabla ya mfumo kuwaka, uizime.

Sanduku likijizima na kujiwasha kila baada ya dakika chache bila kosa lolote kwenye kumbukumbu za mfumo, shuku kipima-muda cha usalama kwenye ubao. Kinangoja ishara kutoka kwa mfumo wa zamani, hakiioni, kinadhani umekwama. Nacho huzimwa kwenye BIOS.

Betri ndogo ya ubao, CR2032, badilisha hata kabla ya kusakinisha. Ikiwa imekufa, saa hurudi miaka nyuma kila stima ikikatika, na `apt` inakataa masasisho ikidai kwamba faili la Release bado halijaanza kuwa halali. Pamoja na saa hupotea mipangilio ya BIOS, ukiwemo ule wa kuwaka yenyewe stima inaporudi. Stima ikikatika usiku wa Jumamosi na kurudi, seva inabaki imelala hadi mtu afungue ofisi Jumatatu.

Na kabla ya haya yote, mfumo wa kwanza usiufute bila nakala. `dd` (amri ya kunakili diski nzima) ya ile diski au kadi ya asili kwenye diski ya nje inachukua muda wa kunywa kahawa. Wapo wanunuzi wanaotaka sanduku likiwa na mfumo wake.

Kuna sanduku moja ambalo nashauri usiliwekee chochote: seva pana ya Xeon mbili, ile yenye feni ndogo zinazolia kama ndege inapaa. Ikikaa bila kazi inaweza kula wati 150. Ukiiacha inawaka mwezi mzima ni yuniti 108. Sanduku la Atom la wati 25 ni yuniti 18, na kwa mafaili ya ofisi ya watu kumi hakuna atakayeona tofauti ya kasi. Zidisha kwa bei ya token zako, ongeza AC ya chumba ambayo joto la Februari litakulazimisha uiwashe, halafu uliza yule jamaa wa vyuma chakavu Changamwe anatoa ngapi kwa kilo.